Vigelegele Penye Turubai

Vingunguti, 6 Julai 2025

Mwanangu Twalib,

Assalaam aleykum. Hujambo, na Madale kwema? Sisi wazima, isipokuwa Bamdogo wako. Kifua kimemrudia, na safari hii hata kahawa haitaki. Nakuandikia maana nikipiga hupokei.

Anakuulizia. Anasema ulimwahidi kumpeleka Pugu, aone tena ule msitu aliokuwa akikutembeza tangu ulipoletwa hapa mtoto tukulee. Nikamwambia una kazi. Akasema, "Wazungu anawapeleka, mie naambiwa ana kazi." Unamjua, utani haumwishi hata akiwa kitandani. Njoo, baba.

Mtaani hakuna jipya, ila Raudha wa jirani yetu Zuena anaolewa mwezi huu.

Mamdogo wako,
Mwanakombo

Madale, 9 Julai

Mamdogo, shikamoo. Na Bamdogo mfikishie shikamoo yake, mwambie pole sana. Mie mzima, kazi tu imenikaba. Wageni siku hizi wameichoka Posta na Kariakoo, wanataka mji usioonyeshwa: magofu ya Kunduchi, vichochoro vya Vingunguti, msitu wa Pugu. Nyingi ni njia alizonipitisha Bamdogo mwenyewe.

Jumamosi nina akina mama wanne kutoka Ureno. Nitawapitisha nyumbani wawasalimie, halafu tuelekee Pugu. Bamdogo nitampeleka wiki inayofuata, garini hakuna nafasi. Siku hiyo msinipigie, nikiwa na wageni nazima simu.

Mwanao,
Twalib

Madale, 14 Julai

Mamdogo, shikamoo.

Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta.

Turubai nililiona tangu kwa muuza mkaa. Viti vya plastiki, masufuria makubwa, wanawake wanachambua mchele. Nikajua ndiyo harusi ya Raudha. Nikawaambia wageni wamebahatika, wapige vigelegele kama nilivyowafundisha garini. Wakapiga, Mamdogo, wote wanne, kwa moyo mmoja. Watu wakageuka. Hakuna aliyenitukana, bora wangenitukana. Mzee Mwinjuma akanishika mkono: "Twalib, Bamdogo wako Marijani katutoka usiku. Tumekupigia mpaka tumechoka. Ndo tunamtoa sasa hivi."

Nimemzika Bamdogo nikiwa na shati la kazi lililoandikwa Karibu Dar mgongoni. Kutoka makaburini nilishindwa kurudi nyumbani.

Na nafasi garini ilikuwepo. Kiti cha mbele nilikuwa nimeweka begi langu. Nisamehe, Mamdogo.

Twalib

Vingunguti, 17 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu si mbaya, nipo ndani, nakaa eda. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Badala yake kila wiki naletewa mchele na bodaboda. Nyumba hii haina njaa, Twalib.

Vigelegele nilivisikia nikiwa chumbani, naye bado hajatolewa. Niliumia, sikufichi, na nilikukasirikia sana. Lakini wale wageni wako walirudi siku ya tatu, kwa bajaji, kila mmoja na khanga zake mbili. Wakakaa nasi mkekani. Lugha hatukuelewana, ila mmoja alilia kunishinda mimi. Wao njia ya kurudi waliiona. Wewe mwenye njia ndiye uliyepotea.

Bamdogo wako angesimuliwa kisa hiki angecheka mpaka akohoe. Mimi bado sijaweza kucheka.

Arobaini tutaisoma Jumamosi hii. Turubai litafungwa palepale.

Mamdogo wako,
Mwanakombo

23 Agosti

Mamdogo, shikamoo. Umeamkaje? Nipo hapa kwa muuza mkaa, turubai naliona. Nimesimama muda sasa. Watu wote wale waliniona siku ile. Sijui niingieje.

Mwanao

23 Agosti

Marahaba. Mlango wa mbele ni wa wageni. Wewe pita uani, kuna masufuria hayajaoshwa.

Mama yako