Sala ya Macho Wazi

Yaya Fidelie, dada yangu,

Jambo sana huko Kabalo! Hapa Kalemie upepo wa ziwa unataka kunivua kitambaa, na mikebuka ya kuchoma, samaki wa ziwa hili, inaninenepesha. Lakini sikia ya leo, katika mafunzo yetu ya wauguzi.

Tulikuwa katika chumba cha upasuaji, tumenawa, tumevaa glavu safi, mama mwenye mimba amelala mezani. Kabla ya kisu, sala. Papa Anselme, mwenzangu wa Manono, akaomba kwa moto, sisi tumefumba macho. Aliposema “Amina”, Mama Régine, mukubwa wetu, akamwambia, “Papa, toa hizo glavu, unawe upya. Umejikuna pua.”

“Mimi? Nani ameniona, na wote tulikuwa tunaomba?”

“Mimi humu ndani naombaka macho wazi. Vijidudu havingojei Amina.”

Papa akaanza kuapa. Hapo njo mugonjwa mwenyewe, aliyetiwa ganzi kuanzia kiunoni tu, akainua kichwa: “Papa, nenda ukanawe. Hata mie nimekuona.”

Alinawa mpaka viwiko, na mutoto akatoka salama, analia kwa sauti kuliko sisi tuliokuwa tunacheka.

Basi yaya, nimejifunza. Kila Jumapili unatuombea chakula sala ndefu, na tukifumbua macho kipaja cha kuku hakipo, unasema ni paka. Nikirudi, wewe omba tu. Mimi nitaangalia mikono.

Mungu akulinde, wewe na vidole vyako vya mafuta.

Mudogo wako, Josée