Suti ya Vipimo vya Zamani

Ijumaa, 4 Oktoba 2024. Al-Sulay, Riyadh
Dadangu Priscah ameomba vipimo vyangu. Suti za harusi zote zinashonwa kwa kitambaa kimoja, na Desemba mimi ndiye nitamtembeza hadi madhabahuni, maana baba hayupo. Dancan, ninayelala naye chumba kimoja, akatoa tepu ya kupimia. Nikamwambia halas, wacha. Nikatuma vipimo vya suti niliyokuja nayo huku 2019. Kiuno thelathini na nne! Hata aibu sikuona.

Jumapili, 13 Oktoba
Madereva wote tumepelekwa kliniki. Mizani yao inakoma kilo mia na hamsini. Nesi akasema nikapimwe kazini. Dancan akanipandisha kwenye mizani ya magunia ya mchele. 171. Mashine ikatoa stika, kama ya mzigo. Nimeibandika hapa. Moyoni sikusikia chochote. Nikaenda kula.

Jumatano, 16 Oktoba
Mama amepiga video. Simu huwa naishika karibu — uso tu. Akaita majirani waone mashavu. Ati Saudia imenikubali.
Miaka mitano sijaenda nyumbani. Kila likizo nasema kafili, mwajiri wangu, amekataa. Kafili hajawahi kukataa.

Alhamisi, 7 Novemba. Jeddah
Nimeshusha mzigo, nikapitia mtaa wa Bani Malik kwa rafiki yangu Elijah. Amerudi kutoka Kenya na suti yangu ya harusi. Aliniangalia, akaangalia mfuko.
“Kaka, hii ni ya nani?”
“Yangu.”
Akanipa chai, bila sukari. Nikanywa tu.

Ijumaa, 8 Novemba
Bado niko kwa Elijah, mzigo wa kurudi Riyadh haujapatikana. Likizo nimepewa. Tiketi ni ya tarehe 28.
Priscah ameandika asubuhi: “Leo nitapiga video. Vaa suti, weka simu mbali, tukuone hadi miguu. Na kama kafili amekataa tena, niambie leo. Baba mdogo atanishika mkono. Lakini nakutaka wewe.”
Nimesoma mara nne. Moyo baridi kabisa.
Suruali imekwama magotini, nimeivua. Koti limeingia mkono mmoja, wa kushoto. Wa kulia naandikia. Elijah ametoka, akafunga mlango polepole.
Simu inaita. Niitegemeze ukutani, nirudi nyuma mpaka mlangoni, anione. Ama niishike karibu, niseme kafili —