Wale Wanaosema Hawatoki Vizuri

Jumatatu, 3 Machi

Nina blogu! Tupu kabisa, lakini ninayo. Shemeji kamaliza kuitengeneza leo hapa hapa studio, mimi huku napiga watu picha za pasipoti. Kisha akanigeuzia kompyuta. Kisanduku kimoja bado: blogu hii ni ya nani? Nikaandika "Watu wote". Alicheka mpaka akashika meza. Ati watu wote huandikiwa tangazo la kukatika maji, shem, si blogu! Kanipa hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Nisipojaza, atajaza yeye: "Kwa mashabiki wa shemeji yangu."

Mjinga huyu. Nampenda.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu kuwaandikia wapiga picha wenzangu. Lenzi, mwanga, pembe. Aya tatu. Nilipozisoma nikapiga mwayo — mimi mwenyewe niliyeziandika! Mume wangu kazisoma, kasema nzuri sana. Nikamwuliza zinasema nini. Akaondoka kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Basi maharusi. Hao ndio wanaonilisha. "Mambo kumi ya kumwambia mpiga picha wako." Nimefika la nne nikaishiwa.

Nikafungua Zangu nijipoze. Hiyo ni folda ambayo simwonyeshi mtu. Nina tabia moja: mteja akishakaa sawa nikampiga, namwambia asante, tumemaliza. Mabega yanashuka, uso unafunguka, na hapo nabonyeza mara moja zaidi. Za mteja zinaenda kwa mteja. Ile moja inaingia Zangu. Miaka tisa sasa! Nikichoka nazitazama peke yangu, nacheka kama nimerogwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua nianze na picha, maneno yatafuata. Nimechagua ya harusi ya wiki jana: shangazi wa bibi harusi, mwalimu mkuu, kasimama wima kama yuko mbele ya shule nzima. Mwenyewe aliniruhusu. Ile ya kusimama weka, alisema. Nimeipandisha kwa simu jioni, haraka haraka, nikiwa na begi begani. Blogu imezaliwa!

Jumapili, 9 Machi

Aibu gani hii.

Shemeji kapiga simu asubuhi, anaongea kwa kelele: shem, umeona komenti? Nikafungua. Si ile ya kusimama! Kwa haraka niliichukua kimakosa kwenye Zangu. Mwalimu mkuu kavua kiatu kilichombana, kakishika mkononi, mdomo wazi, anacheka mpaka macho hayaonekani. Na watu wamejaa chini yake. Karibu wote wanawake. "Mimi huwa sitoki vizuri, lakini hivi ningekubali." "Miaka minne sijapiga picha, huyu kanitamanisha." Nimezisoma zote nimesimama jikoni, chai imepoa.

Nilikuwa bado nafurahi simu ilipolia. Mwalimu mkuu. Hakufoka, heri angefoka. Kaniuliza tu: "Na hii uliipiga saa ngapi, mwanangu?"

Nimeiondoa. Nimeomba radhi mara tatu. Kumbe miaka tisa nimekuwa nikichukua kitu cha watu bila kuwaambia, nikakiita changu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu mkuu tena! Nimepokea nikiwa tayari kuomba radhi ya nne.

"Umeiondoa?"

Ndiyo, mwalimu, jana ile ile.

"Nani kakuambia uiondoe? Mimi nimeuliza saa tu! Dada yangu alikuwa anaitazama, sasa ananisumbua mimi."

Nimecheka, nimelia kidogo, nimecheka tena. Kisha sauti yake ikashuka. Dada yake ana miaka sita hajapigwa picha, tangu ugonjwa ulipomvuta uso upande mmoja. Harusini alikaa nyuma ya nguzo makusudi. Jana kaitazama ile picha akauliza: huyo mpiga picha, studio yake iko wapi? Basi.

Nimeirudisha kwa ruhusa. Na kisanduku nimekijaza: "Kwa wale wanaosema hawatoki vizuri." Kuanzia leo ile ya mwisho naionyesha hapo hapo, na mwenye uso ndiye atakayesema ndiyo au hapana.

Shemeji kakuna kichwa. Maharusi watakimbia, shem, nani anataka kuambiwa hatoki vizuri? Huenda. Wawili wa mwezi ujao bado hawajathibitisha. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika hii. Nina furaha mpaka nimechoma ugali wa watu!

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikijifanya napanga orodha ya wateja. Wamekuja! Mwalimu mkuu na dada yake, tangu saa nne. Dada kafunika nusu ya uso kwa mtandio, kakaa kiti cha mlangoni, kasema kabla ya salamu: "Mimi sipigwi. Nimemsindikiza tu."

Karibu sana, dada, nikasema. Kamera nimeiacha mezani, sijaigusa. Naogopa, kusema kweli. Blogu nimeiandika kwa ajili yake. Akiinuka akaondoka, nitakuwa nimemwandikia nani?

Saa nne na nusu mwalimu mkuu kapigwa tatu, zote kanuna. Nikamwonyesha. "Hata wanafunzi wangu watatoroka!" Kule mlangoni mtu kacheka. Sikugeuka. Nimepiga moyo konde nisigeuke.

Saa tano dada kasogea kiti cha katikati, ati mlangoni kuna upepo. Hakuna upepo.

Sasa yuko karibu na kioo. Mwalimu mkuu anajitia anasoma bei ukutani. Mtandio bado uko usoni, lakini mkono umeuachia.

Kaniuliza, kwa sauti ndogo, watu wakipigwa picha huwa wanaweka wapi mikoba yao.