Mahindi Yaliyosubiri Fomu

Jumatatu, 12 Mei. Mugeta

Kamba, vigingi, mizani. Kama kila Jumatatu. Tembo walipita jana kwenye shamba la Mama Nyamburi. Karibu nusu imelala. Mabua yamevunjika, lakini mahindi yenyewe yamekomaa na mengi ni mazima, yako chini tu. Nimezungushia kamba ya njano. Nikamwambia, "Mama, usiguse kitu mpaka tupime." Alikuwa ameshashika kapu. Akaitikia, "Haya mwanangu," akalirudisha ndani. Nilimweleza kwamba sisi ni wanafunzi, hatuhusiki na kifuta machozi, ile pesa ya serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyama. Nadhani alichosikia ni kifuta machozi.

Sikupima leo. Utaratibu wa kozi: hakuna kupima mpaka sote watatu tukubaliane fomu moja. Mimi wa wanyamapori, Doreen wa uchumi, Magesa wa sheria. Ndiyo shahada yenyewe ya uzamili, uhifadhi wa bioanuwai kwa fani zilizochanganywa. Dokta, msimamizi wetu, anasema tuwe kama makande, sufuria moja. Kesho Butiama, kikao cha fomu. Saa mbili zinatosha.

Jumanne, 13 Mei. Butiama

Hazikutosha.

Siku nzima neno moja: hasara. Kwangu ni mabua yaliyovunjika ndani ya mraba wa mita kumi. Kwa Doreen ni chakula ambacho nyumba itakikosa hadi mavuno yajayo. Magesa anataka kwanza ijulikane kama pale kisheria ni shamba au ni ushoroba, yaani njia ya wanyama. Ushoroba! Mama yule analima pale tangu Magesa hajazaliwa.

Makande gani haya. Maharage hayagombani na mahindi.

Jumatano, 14 Mei

Bado hasara. Doreen alichora jedwali ubaoni kwa rangi nne. Magesa akalifuta akidhani ni la kikao kilichotutangulia. Hawakusemezana mpaka saa ya chai. Nilicheka, kisha nikakasirika. Watu wazima, shahada ya pili.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mchana Mama Nyamburi amepiga simu. "Mwanangu, niokote? Mvua inanyesha huku."

Nikampigia Dokta: naomba nikapime peke yangu. Akasema nikipima peke yangu nimerudi kwenye kozi za zamani za fani moja moja, tusubiri mwafaka. Nikatii. Sahihi yake ndiyo itakayonipa shahada. Na niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: sikutaka Doreen aseme kwamba watu wa wanyamapori hawajui kushirikiana.

Nikampigia Mama. Nikamwambia avumilie hadi kesho.

Ijumaa, 16 Mei

Kesho imekuwa leo. Fomu ina kurasa kumi na moja. Magesa kaongeza kipengele cha mipaka. Doreen hasaini. Nimegonga meza. Haikusaidia, mkono unauma.

Sikupiga simu Mugeta. Ningesema nini?

Jumatatu, 19 Mei

Tumesaini. Kurasa kumi na nne. Dokta ametuma ujumbe wa pongezi, anasema huo ndio ushirikiano wa fani. Gari liko gereji Musoma. Kesho.

Jumanne, 20 Mei. Mugeta

Kamba iko palepale, imekaza vizuri. Hakuna hata mbuzi aliyeingia, Mama Nyamburi amewafukuza siku zote hizi. Ndani ya kamba mahindi yameota. Mengine yana ukungu, mengine mchwa wamemaliza, yamebaki magunzi. Jirani yake alipitiwa na tembo haohao siku ileile. Kwake hatukufika. Mahindi yake yameanikwa uani, makavu, safi.

Mama Nyamburi hakufoka. Heri angefoka. Alisema, "Yakilala chini tunaokotaga siku ileile. Nilijua. Ila wewe ulisema nisiguse." Halafu akauliza, kwa kutaka kujua kabisa, "Nyie mnasomeaga nini huko?"

Doreen akaniangalia. Magesa akafunua kurasa za fomu. Kwa mara ya kwanza sheria ikakosa kifungu.

Mama yangu analima mahindi Bugwema. Nimeokota mahindi yaliyolala tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Sikuhitaji kufundishwa na mtu. Nilijua, na bado nikafunga kamba. Hilo ndilo linaloniuma, si Doreen, si Magesa.

Tumepima. Takwimu zimetoka nzuri, fomu yote imejaa. Nazichukia.

Jumatano, 21 Mei. Mugeta

Tumerudi bila fomu. Tumechambua sote, Mama, Doreen, Magesa na mimi, tangu asubuhi. Yanayofaa kuliwa na watu: debe moja na nusu. Yaliyobaki, mbuzi. Hilo debe na nusu ni la watu sita mpaka msimu ujao, pamoja na ile nusu ya shamba iliyosimama, kama tembo hawatarudi.

Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu. Naomba unisamehe."

Akaendelea kupukuchua. Baadaye akasema, "Siku nyingine ukija na kamba, njoo na kapu pia."

Sijui kama huo ni msamaha. Akatupa uji. Kamba nimemwachia, anaanikia nguo.

Jumamosi, 24 Mei. Musoma

Kuingiza takwimu. Upepo wa ziwa unapeperusha karatasi, nimeziwekea jiwe juu. Kaya ya Mama Nyamburi, kipengele cha saba, chanzo cha hasara. Mabua yaliyovunjika: tembo. Hilo halina ubishi.

Mahindi yaliyooza chini: chagua kimoja. Tembo, nyani, ndege, mvua, mchwa, nyingine (eleza).

Nilichagua nyingine. Kwenye mstari nikaandika: sisi.

Dokta atauliza. Aulize. Nikawapa wenzangu karatasi. Doreen akasoma, akasaini. Magesa akasoma mara mbili, akasaini. Hakuna aliyeitisha kikao. Imechukua dakika mbili.