Pua Yako Haikukosea, Shangazi

Bweni la Wanafunzi,
Chumba Namba 14.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na lile goti bado linakusumbua? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nanuka samaki hadi mto wa kulalia. Mwenzangu wa chumbani amesogeza kitanda chake dirishani, wala simlaumu.

Mafunzo ya utafiti yanakwenda vizuri. Asubuhi tunanusa samaki na kuwapa alama: macho, mashavu, harufu, ugumu wa nyama. Mchana tunapeleka vipande maabara kupima kemikali. Nilipowaambia wenzangu kuwa shangazi yangu humjua samaki wa jana kabla kapu halijafunuliwa, walicheka. Waje wakuone.

Baba ameniambia meza yako sokoni ingali tupu. Tangu fundi cherehani na wanawe walipokula jodari wako wakavimba nyuso, unasema pua imezeeka. Habari hiyo imenichoma.

Sasa nisikilize. Juzi mwalimu alituwekea jodari mezani. Tulimnusa watu tisa, tukampa alama zote. Mwalimu akakiri hata yeye angemnunua. Kumbe mashine imeonyesha nyama imejaa sumu!

"Huyu alikaa juani ndipo akatiwa barafu," akasema. "Sumu hii huvimbisha uso wa mlaji; pua haiioni, na moto wa jikoni hauiondoi. Barafu iliyochelewa huizuia isizidi, basi."

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, nikamkumbuka jodari wa fundi.

Siku ile ulinituma bandarini kuchukua jodari yule. Ulinipa ndoo ya barafu, ukanionya nisisimame njiani. Nikirudi na samaki ndooni nikakutana na rafiki yangu wa shule, na mdomo wangu unaujua. Tulipiga soga tangu saa nne hadi saa saba, ndoo iko juani, barafu imekuwa maji. Nikanunua nyingine, nikamfunika samaki, nikakuletea kimya kimya. Ukamnusa, ukaridhika.

Walipougua nilijiambia kwamba samaki aliyepitishwa na wewe hawezi kuwa na kosa langu. Nilijificha nyuma yako, Shangazi, nikakuacha ulaumiwe peke yako. Nisamehe. Nimelia sana kabla ya kushika kalamu.

Humu kwenye bahasha kuna barua ya pili, ya fundi cherehani. Nimemweleza yote na kumwomba radhi. Sijaifunga, ili uisome kwanza.

Nisalimie Babu, umwambie miwani yake nitamletea. Wabusu mapacha, na mumeo mpe pole kwa kukuona nyumbani kutwa nzima! Mungu akulinde, akurudishie furaha ya kazi yako.

Nakuomba jambo moja. Tangu utotoni umenifichia makosa mengi, hata kwa Baba. Hili usinifichie. Mpelekee fundi barua yake, kisha ukafungue meza.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema,
Kasuku