Pumzi ya Fundi wa Malango

3 Februari

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila shingo inauma kwa kuchomelea matangi nimeinama siku nzima. Juzi kiwandani tulipimwa mapafu: unapuliza mrija mpaka macho yanakutoka. Daktari akaniuliza kazi nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwa baba, anayechomelea malango miaka thelathini na moja, chumba kimoja, dirisha moja. Hakucheka. Akasema moshi wa kuchomelea hauna haraka, unakaa ndani miaka, na unaweza kuleta hata saratani. Mama ameniambia kuhusu kikohozi chako. Kapimwe, Baba.

Binti yako

19 Februari

Binti yangu, marahaba!

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na kukulaumu kwa mpigo mmoja. Kikohozi kisikutie hofu. Wateja wanakisikia toka barabarani, wanajua fundi yupo. Halafu kila jioni nakunywa maziwa, moshi wote unateremka nayo. Muulize fundi yeyote.

Baba yako, chuma cha pua

2 Machi

Baba, shikamoo.

Natumai mnaendelea vizuri. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Vitakutana wapi?

Binti yako, mkaidi kama wewe

27 Juni

Binti yangu, marahaba.

Hatujambo. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa naona aibu. Mwezi wa nne nilibeba lango na Kipara, yule fundi jirani. Hatua ishirini tu, nikakaa chini. Nikasingizia mguu. Mama yako hakudanganyika. Kesho yake akafunga karakana, ufunguo akautia kifuani: "Utaupata kliniki."

Huko kliniki nikapuliza mrija. Muuguzi akasema, "Haya mzee, anza." Nikamwambia nimeshamaliza.

Mapafu yana makovu, mwanangu. Yaliyoharibika hayarudi. Daktari anasema yaliyobaki yanatosha, nikiyatunza. Siku hiyo sikutania mtu. Kisha nikabomoa ukuta mzima wa nyuma wa karakana. Sasa nachomelea upepo ukipita, nimevaa barakoa yenye vichujio viwili, watoto wananikimbia. Kipara alinicheka sana, nami nikamburuta kliniki. Mwishowe tumekwenda mafundi tisa, ikawa mashindano ya kupuliza. Mimi nimekuwa wa nane. Kipara wa tisa. Ameambiwa asiguse tena moto. Sasa kazi yake ni kupokea wateja wetu na kuwadanganya tarehe, na ana kipaji.

Baba yako

8 Julai

Baba, shikamoo.

Nimelia, nikacheka, wenzangu wakadhani nimevuta moshi. Nimepata likizo ya wiki tatu, naja. Usikubali kazi nzito kabla sijafika.

Binti yako

16 Julai

Binti yangu, marahaba.

Barua yako imechelewa. Nimeshakubali malango mawili ya zahanati. Usigombe! Nimewaambia fundi mwenyewe yuko njiani. Mimi nitaketi upande unakotoka upepo, nikukosoe.

Baba yako