Ukaguzi wa Nyumba ya Muyinga

Gitega, 4 Machi 2024

Shangazi Kulthumu,

Mwanangu Yasmina sasa hivi amelitoa buti langu uvunguni, akalifunika kanga, analibembeleza lilale. Nimecheka hadi machozi, nikasema acha nikuandikie. Hujambo huko Muyinga? Nyonga bado inauma? Sisi tuko wazima.

Shangazi, tangu baba aniachie hiyo nyumba sina raha. Bunduki nilifundishwa, kupangisha hakuna aliyenifundisha. Umesema bati la jikoni linavuja, na konji yangu, likizo ya jeshi, iko mbali, mpaka Juni. Basi nimemwomba mwenzangu wa kambini, Egidius, anapita huko Alhamisi kwenda Kobero, aingie aikague nyumba yote. Ni mtu mzuri. Dada Anisia asihangaike kumpikia. Mpangaji kama yule tutampata wapi? Bila yeye nani angekuchotea maji?

Mwanao, Salima

Muyinga, 11 Machi 2024

Mwanangu Salima,

Nimeipata barua, na huyo mama wa buti nibusie. Nyonga ni ileile.

Egidius wako alikuja. Na gwanda, na buti, na daftari. Hakupiga hodi. Kasukuma geti, kaingia hadi chumbani kwa Anisia, kaangalia dari, kaangalia chini ya kitanda, anaandika. Anisia alikuwa anamsuka binti yake, mikono ikaganda kichwani kwa mtoto. Nikasema, "We kijana, humu wanaishi watu!" Akanijibu, "Samahani Bibi, nimetumwa na mwenye nyumba." Kwa adabu kabisa.

We ulikuwa hujazaliwa. Anisia alitoka nchi hii mgongoni kwa mama yake, wakati wa mauaji, na kwao ilianza hivyohivyo: mtu mwenye gwanda, daftari, anauliza nani analala wapi.

Asubuhi yake kafunga magodoro, kaenda kwa kaka yake huko Mwakiro. Nikamwambia, "Salima hana nia mbaya." Akasema, "Najua, Bibi. Lakini mi siwezi kulala ndani ya nyumba inayokaguliwa." Kaniachia ndoo mbili, zimejaa.

Shangazi yako

Gitega, 2 Aprili 2024

Shangazi wangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu kwa aibu, siyo kwa kazi. Kila nikishika kalamu naiweka chini.

Nikueleze tu. Huku mkubwa anaingia chumbani kwetu saa yoyote, anafungua begi, anainua godoro, na we umesimama wima kando ya kitanda. Hakuna hodi. Nimezoea hadi sioni tena kama ni kosa. Egidius naye hivyohivyo, tusimlaumu, mi ndiye niliyemwambia "kagua".

Barua yako haisemi nani anakuchotea maji sasa. Umeacha kwa makusudi, nakujua. Hizo ndoo mbili zimeisha zamani.

Ukimpata mtu wa kwenda Mwakiro, ampelekee Anisia maneno haya, amsomee taratibu, asiruke hata moja:

Dada Anisia, ni mi Salima. Nisamehe. Sikujua kwamba chumba nikishakupa si changu tena kuingia. Funguo ya pili ya geti, ambayo natembea nayo mfukoni huku, nakutumia ndani ya bahasha hii. Sina nyingine. Fundi wa bati utamchagua we, aje siku utakayosema we. Na mi konji nikija nitavaa kitenge, nitasimama nje na mtoto wangu, na ukiwa hutaki tuingie tutalala kwa jirani, sitakasirika. Ila Shangazi yuko peke yake, dada, na mi naku

ngoja, Shangazi, wananiita, gari limeshawashwa, bahasha naifunga hivihivi na funguo nimeitia ndani